Grzimek na Serengeti: nani alichora mpaka, nani alihesabu nyumbu, nani alileta pesa

Kila mgogoro wa Ngorongoro ukipamba moto kuna jina moja la Mjerumani lazima litajwe, na linatajwa kwa namna mbili ambazo hazikutani kabisa. Upande mmoja Profesa Bernhard Grzimek ndo mkombozi wa Serengeti, yaani bila yeye leo nyumbu tungewaona kwenye vitabu tu. Upande wa pili ni mzungu wa tv aliyekuja na ndege yake ya mistari, akapiga picha zake, Wamaasai wakafukuzwa. Zote mbili nimezisikia kwa watu wenye akili zao timamu, na shida ni kwamba zote zinachanganya mambo matatu ambayo kila moja lina historia yake: mipaka, hesabu ya wanyama, na pesa. Ukiyatenganisha jamaa anaonekana vizuri, mazuri yake na mabaya yake, na mabaya yenyewe siyo yale anayosingiziwa sana.

Mtu mwenyewe kwanza, kwa haraka. Kazaliwa tarehe 24 Aprili 1909 Neisse, mji uliokuwa Ujerumani na sasa uko Poland, kasomea udaktari wa mifugo, na kabla ya umaarufu wote huo alikuwa ofisa wa serikali wa mambo ya kuku na mayai pale Berlin enzi za Hitler, kweli kabisa, kuku na mayai. Vita ilipoisha 1945 Wamarekani wakamkabidhi bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo mabomu ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameifanya kifusi na wanyama waliosalia walikuwa wachache mno, na akafungua geti kwa watu Julai mwaka huo huo. Baadaye ikajulikana aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Nazi, kitu alichokuwa anakikana, wakamsimamisha, akasafishwa, akarudi kazini, akakaa kwenye kiti cha ukurugenzi mpaka 1974. Hili la uNazi wengine hulitumia kumaliza mjadala wote, mimi naona halimalizi chochote, ila linaonyesha aina ya mtu: anajua kuishi na kila serikali inayokuja ilimradi kazi yake isonge. Huko mbele atakaa meza moja na Mwalimu Nyerere na atakaa meza moja na Idi Amin, na kwake yote ni sawa, shida yake ni wanyama tu.

Sasa tv. Tarehe 28 Oktoba 1956 alianza kipindi chake kinaitwa Ein Platz für Tiere, yaani mahali pa wanyama, na kikaenda mpaka anafariki 1987, vipindi kama 175. Ukitazama vile vya zamani unashangaa ni kitu gani kiliwashika watu maana hakuna mbwembwe yoyote: mzee amevaa suti na tai, amekaa nyuma ya meza, anasalimia "jioni njema marafiki wapendwa", anaongea taratibu sauti ikipitia puani kidogo, na juu ya meza kuna mnyama hai. Duma mdogo au nyani au mnyama wowote aliyetoka nae bustanini. Mnyama anapanda mabegani, anavuta makaratasi, mzee anaendelea kuongea kama hakuna kinachotokea, na watazamaji wako hoi wanasubiri kuona atang'atwa au vipi. Halafu katikati anaingiza filamu ya porini, na mwishoni, hapa ndo penyewe, anaomba mchango. Ujerumani ya miaka hiyo chaneli zilikuwa za kuhesabu kwa kidole kimoja, kwahiyo akiwa hewani sehemu kubwa kabisa ya nchi iko mbele yake. Hakuna mhifadhi aliyewahi kuwa na kipaza sauti cha ukubwa huo kabla yake. David Attenborough alikuwa ndo anaanza anaanza kule Uingereza, na Attenborough wa wakati ule hakuwa anaomba hela.

Kabla ya Serengeti kulikuwa na Kongo. Yeye na mwanae Michael, kijana aliyezaliwa 1934, walikwenda Kongo ya Wabelgiji wakatoka na kitabu na baadae filamu kuhusu wanyama kukosa pa kuishi kwa sababu watu wanaongezeka. Filamu ikashinda tuzo tamasha la Berlin 1956 na ikaingiza pesa. Wakaona hizo pesa wazitumie kununua ardhi kwa ajili ya wanyama, ndo wakamwandikia mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Kanali Peter Molloy. Molloy akawaambia wazo zuri lakini hela yenu kwa ardhi haitafika mbali, mkitaka kusaidia kweli njooni mtuhesabie wanyama, maana serikali inataka kubadilisha mipaka ya Serengeti na hakuna mtu anayejua wanyama wangapi wapo wala wanakwenda wapi.

Hapo simama kidogo, kwa sababu kosa la kwanza la watu linaanzia hapa. Mpango wa kubadilisha mipaka ulishakuwepo kabla Grzimek hajakanyaga nyanda zile.

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa 1951, na ile ya kwanza haikuwa hii unayoiona kwenye ramani leo. Ilikuwa imemeza Ngorongoro yote, kreta na nyanda za juu, na ndani yake Wamaasai walikuwa wanaishi na ng'ombe zao kama walivyokuwa wanaishi, na waliahidiwa hawataguswa. Ahadi haikukaa. Miaka michache tu mbele ugomvi ukawaka, mashamba yakapigwa marufuku, wafugaji wakapinga, maofisa wa hifadhi wakalalamika, serikali ya kikoloni ikachoka. 1956 ikatoa pendekezo la kukata hifadhi vipande, wapenda wanyama wa London wakaja juu, wakamtuma Profesa Pearsall kuja kuangalia, ikaundwa kamati, na mwisho wa yote hayo likatoka jibu la kugawana: Ngorongoro na nyanda za mashariki zinatoka kwenye hifadhi zinakuwa eneo maalum ambalo watu, mifugo na wanyama wanaishi pamoja, na magharibi inabaki Serengeti isiyo na mtu hata mmoja. Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai, malaigwanani, waliweka alama zao kwenye karatasi kwamba wanaiacha Serengeti na hawatavuka tena mstari ule. Walielewa kiasi gani cha kile walichowekewa mbele, hilo linabishaniwa mpaka leo, na ukisoma Kiingereza cha kisheria cha karatasi ile huwezi kulaumu wanaotilia shaka. Waliohama upande wa magharibi walikuwa kama elfu moja na maelfu ya ng'ombe. Ukienda Moru, ndani ya Serengeti, leo yale mawe makubwa bado yana michoro yao ya ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na waongoza watalii huwa wanasimamisha gari hapo dakika kumi kisha wanaendelea kutafuta simba.

Sasa mkataba huo ni wa serikali ya Mwingereza, na Grzimek alikuwa anaupinga. Tena kwa nguvu. Aliupinga siyo kwa kuwaonea huruma Wamaasai, hapana, aliupinga kwa sababu kwa macho yake wanyama ndo wananyang'anywa ardhi. Yeye alitaka Serengeti ibaki kubwa yote na watu ndo watoke. Kwahiyo yule anayesema Grzimek aliwaondoa Wamaasai kakosea tarehe na kakosea mtu, lakini yule anayemtetea kwamba hakuhusika kabisa naye ajue kwamba angepewa kalamu yeye, mpaka ungekuwa mkali kuliko ule. Aliandika wazi kabisa kwamba hifadhi ya taifa ili iwe hifadhi haitakiwi kuwa na watu ndani, hata wenyeji. Maneno hayo yapo, hayahitaji kutafsiriwa kwa hila.

Desemba 1957 baba na mwana wakaruka na ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, wameipaka mistari ya pundamilia mwili mzima, kutoka Ujerumani mpaka Tanganyika, na rubani ni Michael ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ajifunze kurusha. Kazi ilianza Januari 1958. Ndege ile ilikuwa inaweza kwenda polepole sana bila kuanguka na kutua sehemu ambayo hata Land Rover inafikiria mara mbili, ndo maana waliichagua. Wanaruka mistari iliyonyooka juu ya nyanda, chini kabisa, wanahesabu kinachopita chini ya mabawa, wanageuza, mstari mwingine. Wakitoka hapo wakatoa jumla: wanyama wakubwa 366,980, kati yao nyumbu 99,481. Mpaka tarakimu ya mwisho, kijerumani kabisa.

Ile ilikuwa sensa ya kwanza ya maana ya wanyama wa Serengeti kwa ndege na njia yenyewe ndo mama wa sensa zote za angani zinazofanyika mpaka leo. Ila namba? Namba ilikuwa ndogo kuliko uhalisia, na hilo wataalamu waliokuja nyuma yao walilisema mapema. Kuhesabu kwa macho kutoka angani kuna shida zake, kundi likiwa zito jicho linachoka linaanza kukadiria, ndama wanapotelea ubavuni kwa mama zao, walioko kwenye vichaka hawaonekani, na mbaya zaidi nyumbu hawatulii, unaweza kuwakosa kundi zima kwa sababu leo wako bonde la jirani. Sensa ya mwanzoni mwa miaka ya 60 ikakuta kama robo milioni.

Kilichokuwa na uzito kwenye kazi yao ni kitu kingine. Waliweka alama kwa wanyama, wengine kola za rangi, wakawafuata kwa ndege mwezi baada ya mwezi, na kwenye nyanda wakachukua sampuli za udongo na majani. Wakaonyesha kwenye ramani kwamba mpaka mpya unaopendekezwa unakata njia ya nyumbu katikati, yaani zile nyanda za majani mafupi za mashariki ambazo nyumbu wanazalia na kula wakati wa mvua zinabaki nje. Na wakaonyesha kwamba nyumbu hawaendi kule kwa bahati mbaya, majani ya kule ni mazuri zaidi kwa mama anayenyonyesha. Walikuwa sahihi kwenye hilo. Hawakujua bado safari nzima ya mzunguko mpaka Maasai Mara ya Kenya, hiyo ilikuja kuchorwa na wengine, ila wazo kwamba huwezi kuchora hifadhi kwa rula bila kumuuliza nyumbu anapita wapi, hilo wao ndo waliliweka mezani kwa ushahidi.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani, kaskazini mwa Ngorongoro, tumbusi akagonga bawa. Ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa juu ya ukingo wa kreta, na pale barabarani kuna mnara wa mawe wenye umbo la piramidi na maandishi kwamba alitoa kila alichokuwa nacho kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika, pamoja na uhai wake. Baba akamalizia filamu na kitabu. Mwaka huo huo vikatoka, jina lake kwa Kiswahili ni Serengeti Isife, na 1960 filamu ikachukua Oscar ya dokumentari, filamu ya kwanza ya Kijerumani kupata Oscar tangu vita.

Na mpaka? Ulipita. Mwaka 1959 huo huo Ngorongoro ikatengwa, kilomita za mraba zaidi ya 8,000, na gavana Richard Turnbull akaenda mbele ya baraza la Wamaasai akawaambia kwamba masilahi ya wanyama na ya watu yakigongana basi ya watu yatatangulia. Kwahiyo ile hadithi kwamba filamu iliokoa Serengeti, kwa maana ya mpaka, siyo kweli. Filamu ilichelewa na baba na mwana walishindwa. Serengeti ilipata fidia upande wa kaskazini kuelekea Kenya, na hilo ndo limeisaidia sana, lakini uamuzi mkubwa ulienda kinyume na walivyotaka.

Tuje kwenye nyumbu, maana hapa ndo pananifurahisha kuliko pote. Filamu inasema Serengeti inakufa. Miaka ishirini baadae nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Nani aliwaokoa? Siyo askari wa wanyamapori peke yao, na siyo kamera. Ni chanjo ya ng'ombe.

Iko hivi. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikitokea kaskazini, ikaua ng'ombe kwa wingi usioelezeka, Wamaasai wakabaki hawana kitu, njaa na ndui vikafuata, na wasafiri waliopita Ngorongoro 1892 wanaeleza watu waliobaki mifupa mitupu. Ugonjwa ule ule ukaua nyumbu na nyati, na haukuondoka, ulibaki unazunguka, kila mwaka ndama wa nyumbu wakifikisha miezi kadhaa, kinga ya maziwa ya mama ikiisha, wanakufa. Kwahiyo ile Serengeti aliyoiona Grzimek 1958, yenye nyumbu wachache na mapori yaliyofunguka, haikuwa Serengeti ya asili isiyoguswa, ilikuwa Serengeti ya mgonjwa wa miaka sitini. Serikali ikawa inachanja ng'ombe wa wafugaji pembezoni mwa hifadhi, miaka ya 50 ikaanza, chanjo bora zaidi ya Walter Plowright kutoka maabara ya Muguga Kenya ikaja, na mwanzoni mwa miaka ya 60 sotoka ikakatika kwa nyumbu bila hata mmoja wao kudungwa sindano. Maana yake nini? Maana yake ugonjwa ulikuwa unakaa kwa ng'ombe, nyumbu anaambukizwa tu. Ukamtibu ng'ombe, nyumbu kapona. Ndama wakaanza kuishi, idadi ikapaa, majani yakaliwa kabla hayajakauka, moto ukapungua, miti ikaota upya. Dunia nzima ikatangaziwa sotoka imekwisha kabisa mwaka 2011.

Grzimek alikuwa daktari wa mifugo, tena mzuri, kwahiyo hili siyo suala la ujinga. Ila kwenye filamu ng'ombe ni adui, anakula majani ya swala na kukanyaga chemchemi, na mfugaji ni mtu wa pembeni anayeongezeka. Kwamba afya ya ng'ombe wa huyo mfugaji ndo ufunguo wa nyumbu, hilo halikuwa na nafasi kwenye picha. Na kuna watu wengine ambao hawapo hata pembeni ya picha: Waikoma, Wanata, Wakuria na wengine wa upande wa magharibi, ambao kwao nyama ya porini ilikuwa chakula tangu mababu. Wao wameingia kwenye filamu kama majangili na mitego ya waya. Kwenye mjadala wa leo pia wamesahaulika, kila mtu anaongea Wamaasai tu, utadhani magharibi kulikuwa hakuna mtu.

Hapo ndo napoona deni lake kubwa. Siyo mpaka, maana mpaka hakuuchora. Ni ile picha: uwanda usio na mwisho, wanyama, jua, hakuna moshi wa boma hata mmoja. Mamilioni ya watu Ulaya walifundishwa na mzee wanayempenda, jioni wakiwa sebuleni, kwamba hiyo ndo Afrika halali na mtu akionekana ndani yake kuna kitu kimeharibika. Picha hiyo imedumu kuliko utafiti wake wote, na waendesha utalii wetu wenyewe bado wanaiuza.

Lakini usiache pesa, maana ukimkata hapo unakuwa hujamtendea haki. Nchi inapata uhuru 1961 haina kitu. Nyerere mwenyewe alishasema hadharani kwamba yeye binafsi hana hamu ya kwenda likizo kuangalia mamba, ila anaamini wanyama watakuja kuwa chanzo kikubwa cha mapato baada ya almasi na katani. Septemba mwaka huo Azimio la uhifadhi likasomwa Arusha kwa jina lake, lile ambalo ukienda ofisi nyingi za hifadhi utalikuta limetundikwa ukutani. Grzimek akashika hapo hapo. Akasimama kwenye tv akatangaza kwamba sasa Mjerumani wa kawaida anaweza kwenda Afrika Mashariki wiki tatu kupiga picha wanyama, akataja na bei. Hakuna kampuni iliyokuwa inauza safari hiyo. Aliitunga. Watu wakavamia mawakala wa usafiri wanaulizia, mawakala hawajui wanachoulizwa, na haukupita muda wakaanza kuiuza kweli maana wateja wako mlangoni. Uongo, ndiyo, na mimi sijui kama kuna waziri wa utalii aliyewahi kufanya promosheni ya bei rahisi na yenye matokeo kama ile.

Michango ya watazamaji ilipitia shirika lake, Frankfurt Zoological Society (FZS), ikawa magari, redio, ndege za doria, sare na mishahara ya askari kwenye hifadhi nyingi tu, na maabara ya kumbukumbu ya Michael ndo ikazaa taasisi ya utafiti ya Serengeti 1966. Miaka ya 1966 mpaka 1969 wakachukua sokwe kama 17 waliokuwa kwenye bustani za Ulaya, wengine walishazoea vizimba na watu, wakawaachia kisiwa cha Rubondo Ziwa Victoria. Kila mtaalamu angekwambia watakufa. Hawakufa, wajukuu na vitukuu vyao wapo mpaka leo na Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kwao Ujerumani nako hakutulia, alikuwa mshauri wa serikali ya Willy Brandt kwenye mambo ya mazingira kuanzia 1970, akaacha 1973 akiwa amekasirika kwamba hawamsikilizi, akapigana na wafugaji wa kuku wa vizimba, akapigana na makoti ya ngozi ya chui. Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi ya tv inavyoonyesha, ndoa ilivunjika, na 1978 alimuoa Erika, mjane wa Michael. Ndiyo, mkwe wake. Wajerumani waliongea mpaka wakachoka.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987 Frankfurt akiwa sarakasi amewapeleka watoto kuangalia onyesho la chui milia, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro akalazwa kando ya mwanae. Jambo ambalo baadhi ya wakazi wa pale hulisema kwa uchungu kabisa: Mjerumani kazikwa ardhi ile kwa heshima zote wakati wao wanaambiwa wapishe.

Maana pale Ngorongoro ule mpango wa kuishi pamoja ndo umefika ukingoni. Wakati wa kutengwa 1959 watu walikuwa kama elfu nane, sasa wanazidi elfu tisini. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, wakaazi wa ndani ya kreta wakatolewa miaka hiyo hiyo, UNESCO ikaliingiza eneo kwenye urithi wa dunia 1979, na kila hatua kamba imekazwa kidogo. 2022 ikaanza kazi ya kuhamisha watu kwenda Msomera, Handeni, wakati huo huo Loliondo kilomita za mraba 1,500 zikawekewa vigingi kwa nguvu na damu ikamwagika. Serikali inasema uhamaji ni wa hiari, wakazi wengi wanasema huduma zimekatwa mpaka hiari inapatikana yenyewe. Agosti 2024 maelfu walijaa barabarani pale kwenye njia ya watalii baada ya vijiji vyao kufutwa kwenye orodha ya serikali, na Desemba mwaka huo rais Samia akakutana na viongozi wa kimila Arusha akaahidi tume mbili, moja ya ardhi na moja ya huo uhamaji.

Wanaharakati wakati wa yote haya waliinyooshea kidole FZS na serikali ya Ujerumani kwamba pesa zao ndo zinalipia uhifadhi unaofukuza watu, na shirika likajibu kwamba halishiriki kuhamisha mtu. Ukweli wa kimahesabu ni kwamba pesa ya Ujerumani kwenye Serengeti ni ndefu na haijakatika tangu enzi za kipindi, ila maamuzi ya vigingi yanatoka Dodoma, na kumtupia marehemu wa 1987 mzigo wa maamuzi ya 2022 ni njia rahisi ya kuwaacha waliopo wapumue. Kwa upande mwingine shirika lenyewe limebadilika kuliko watu wanavyodhani. Lilipinga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti, ile ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Juni 2014, vifaru wa Moru wanalindwa kwa msaada wake, hapo hapo kwenye yale mawe yenye ngao, na kule magharibi kwenye vijiji vya Waikoma na Wakuria linaendesha vikundi vya kuweka na kukopa vinaitwa COCOBA, ambapo mama anachukua mkopo wa kufuga nyuki au kuku ili mumewe asiende kutega waya. Kuku tena. Hiyo ni kazi ya mikutano mirefu chini ya mwembe na madaftari ya hisa, haina mnyama wa kupanda mezani, na kipindi chake kisingeirusha hata dakika mbili.